Jina la Jirani si Rehani



Zamani mali ya mkulima ilionekana kwa macho. Ukifika kwa mtu uliona ghala lake, mbuzi wake, na jembe lake limeegemezwa ukutani. Siku hizi sehemu kubwa ya mali hiyo haionekani, kwa maana imo ndani ya simu. Mkulima wa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, auzapo pojo zake kwa mnunuzi aliyetoka Voi, mara nyingi hashiki noti hata moja. Simu hulia, ujumbe huingia, na fedha zimefika.

Mali isiyoonekana yahitaji ulinzi kama ile ionekanayo, tena pengine zaidi. Basi katika makala haya twataka kuzungumza nawe juu ya ulinzi huo. Hasa twataka kukuonyesha jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii, nalo ni hili: katika simu yako mna mali ya watu wengine, na mali hiyo umewekewa amana.

SIMU NI CHOMBO CHEMA

Hatusemi kwamba simu ni kitu kibaya. Sivyo hata kidogo. Huduma ya M-Pesa ilianza hapa Kenya mwezi wa Machi 2007. Kabla ya hapo, kijana aliyefanya kazi Mombasa alipotaka kumpelekea mama yake fedha za dawa, ilimbidi atafute mtu wa kijijini kwao aliye safarini, au ampe dereva wa basi bahasha, kisha angoje kusikia kama imefika. Leo fedha hizo zafika kabla chai haijapoa.

Serikali nayo hutumia simu kumfikia mkulima. Wakulima walioandikishwa katika daftari la taifa la wakulima hupata habari za mbolea ya ruzuku kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2023 bei ya mbolea hiyo ilishushwa kutoka shilingi 3,500 hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Mkulima ambaye laini yake imepotea, au imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine, aweza kukosa ujumbe huo na kubaki nyuma wenzake wakipanda.

Kwa hiyo simu ni kama panga. Panga kali ndilo lifaalo shambani, lakini hakuna mwenye akili aliachaye njiani usiku.

VITU VINNE VYA KULINDA

Mkulima ajua vitu vilivyomo ghalani mwake. Je, wajua vilivyomo simuni mwako? Vipo vinne vilivyo vikubwa.

Cha kwanza ni namba ya siri. Huu ndio ufunguo wa ghala. Hakuna mtumishi wa kampuni ya simu, wa benki, wala wa serikali mwenye haki ya kukuuliza namba hiyo.

Cha pili ni namba ya kitambulisho chako cha taifa. Hii ni kama alama ya ng'ombe. Mtu akiipata aweza kuandikisha laini ya simu kwa jina lako, na akifanya maovu, watakaotafutwa si yeye bali wewe.

Cha tatu ni laini yenyewe, yaani kile kikadi kidogo ndani ya simu. Mwizi akiweza kuhamisha namba yako iende kwenye kadi yake, ujumbe wako wote utamfikia yeye.

Cha nne ni orodha ya majina na namba za watu. Hapa ndipo wengi husahau. Tazama, namba ya siri ni yako, kitambulisho ni chako, na laini ni yako. Lakini orodha ya majina si yako peke yako. Humo yumo shemeji yako, mwalimu mkuu wa shule, mchungaji au imamu, mweka hazina wa chama, na mama akuuziaye mboga. Kila mmoja alikupa namba yake kwa kazi yake na wewe. Hakukupa uigawe kwa watu asiowajua.

MKOPO WENYE BEI MBILI

Sasa tuseme ni mwezi wa Novemba. Mvua za vuli zimeanza, na kwetu hizi ndizo mvua za kutegemewa. Mkulima mmoja ametengeneza shamba lake lakini hana fedha za mbegu. Asikia kwamba ipo programu ya simu itoayo mikopo upesi, bila mdhamini, bila safari ya kwenda mjini. Aitia simuni. Programu yamwuliza jina, namba ya kitambulisho na kazi yake. Kisha yaleta swali moja fupi: je, wairuhusu isome orodha yako ya majina? Mkulima ana haraka, kwa maana mvua haimngoji mtu. Abonyeza neno "kubali". Baada ya dakika chache apata shilingi 3,000.

Yeye adhani ya kuwa mkopo ule hauna mdhamini. Kumbe anao wadhamini mia mbili, wala hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Mbegu zaota vizuri. Mwezi unaofuata tembo watoka mbugani Tsavo usiku, wapita shambani, na asubuhi pamebaki nyayo na mabua yaliyolala. Siku ya kulipa yafika na mkulima hana kitu. Ndipo bei ya pili ya mkopo ianzapo kudaiwa. Mwalimu mkuu apata ujumbe: mwambieni fulani alipe deni letu. Shemeji apigiwa simu na mtu mkali asiyetaja jina lake. Mweka hazina wa chama aambiwa kwamba mwanachama wake ni mwizi.

Mambo haya si hadithi ya kutungwa ili kutisha watu. Mfano wa mkulima wetu ndio tulioutunga, lakini mateso ya namna hiyo yamewapata Wakenya wengi, na hapa chini tutataja kampuni zilizoadhibiwa.

Fikiri sasa maana yake katika mahali kama Rukanga. Katika mji mkubwa mtu aweza kuona haya leo, na kesho akahamia mtaa mwingine. Kijijini haiwezekani. Mweka hazina aliyeambiwa kwamba wewe ni mwizi ndiye atakayeamua mwakani kama chama kikukopeshe. Mwalimu aliyetukanwa kwa ajili yako ndiye utakayemwendea umwombe akungoje kwa karo. Riba uliiona tangu mwanzo, iliandikwa. Bei ya pili hukuiona, nayo ni heshima yako kwa watu wanaokufahamu.

Watu wa zamani walijua kuweka rehani. Mtu akiwa na shida aliweka mbuzi wake, au kipande cha shamba lake. Lakini je, ungeweza kuweka rehani mbuzi wa jirani yako, naye amelala nyumbani kwake wala hana habari? Hata mtoto angesema ni wizi. Basi jina la jirani nalo si mali yako ya kuweka rehani.

ADUI AINGIAYE KWA MLANGO WA MMOJA

Wakulima wa wilaya yetu wanamjua vizuri dumuzi, yule mdudu atobaye mahindi yakawa unga ghalani. Asili yake ni Amerika ya Kati. Katika Kenya alionekana kwanza mwaka 1983, tena hapa hapa kwetu, upande wa Taveta. Hakuingia kwa nguvu. Aliletwa ndani ya mazao, gunia kwa gunia, ghala kwa ghala. Mtu mmoja akikosa kukagua mahindi aliyonunua, jirani zake wote wamo hatarini, hata yule afagiaye ghala lake kila siku.

Orodha ya majina ni vivyo hivyo. Wewe waweza kuwa mwangalifu sana, usikope popote, usibonyeze kitu usichokijua. Lakini jina lako na namba yako vimo katika simu ya ndugu yako, na ndugu yako akiifungua orodha yake, wewe nawe umo. Kwa sababu hiyo ulinzi wa simu si kazi ya mtu mmoja mmoja tu. Ni kazi ya kijiji kizima, kama vita vya dumuzi vilivyo.

Na sisi wa upande huu tuna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya Waingereza iliwashutumu watu wa Kasigau kwamba wamewapa Wajerumani habari za askari wake. Watu wakaondolewa makwao chini ya mlima, wakapelekwa Malindi, na wengi walifia huko ugenini. Hawakuulizwa mmoja mmoja ni nani aliyesema na ni nani aliyenyamaza. Habari zikitoka mahali, hasara haichagui aliyezitoa.

KITU KISICHORUDI

Upo upotevu mwingine ulio mbaya zaidi. Namba ya siri ikijulikana waweza kuibadilisha. Laini ikiibwa waweza kuifunga. Lakini viko vitu vya mwili ambavyo havibadiliki: alama za vidole, uso, na mboni ya jicho.

Mwaka 2023 watu wengi mjini Nairobi walipanga mistari mirefu ili mboni za macho yao zipigwe picha na mashine za kampuni iitwayo Worldcoin. Malipo yao yalikuwa sarafu za mtandaoni zilizofikia kama shilingi 7,000. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ilisimamisha kazi hiyo, na mwezi wa Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari zote za miili zilizokusanywa zifutwe. Mahakama ilifanya kazi yake. Lakini yafaa kila mtu ajiulize kabla, wala si baada: shilingi hizi zitakwisha kwa siku ngapi, na jicho langu nitaishi nalo miaka mingapi?

SHERIA IKO UPANDE WAKO

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya mtandao hayana sheria. Hilo si kweli. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na inakataza habari za jamaa yake au mambo yake ya binafsi kutakwa au kutangazwa pasipo haja. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha Sheria ya Kulinda Data, yaani kulinda habari za watu. Sheria hiyo ilianzisha Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, na Kamishna wa kwanza aliapishwa mwezi wa Novemba 2020.

Sheria hii haimwogopi mkubwa. Mwezi wa Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha mpango wa serikali yenyewe wa kutoa kadi za Huduma, kwa sababu serikali haikupima kwanza hatari za kukusanya habari za watu, kama sheria ilivyotaka. Ikiwa serikali yaweza kuambiwa hivyo, basi hapana kampuni ya mikopo iliyo juu ya sheria.

Kwa upande wa mikopo, kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwezi wa Machi 2022 zinawataka wakopeshaji wa simu wawe na leseni. Zinawakataza kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kuwapigia watu waliomo katika orodha yake wasio wadhamini wake. Kampuni 288 ziliomba leseni, na kufikia Septemba 2022 ni 10 tu zilizokuwa zimepewa. Nyingine zimepewa baadaye, na Benki Kuu hutangaza orodha yao. Aidha, tangu mwaka 2023 kampuni ya Google ya Marekani inakataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake zisisome majina wala picha za mwenye simu. Kwa hiyo ukiona programu ya mkopo inataka majina ya watu wako, jua kwamba pana kasoro.

Adhabu nazo zimetolewa. Mwaka 2023 Kamishna aliitoza kampuni ya mikopo iitwayo Whitepath shilingi 5,000,000, baada ya malalamiko ya watu walioandikiwa ujumbe kwa sababu majina yao yalikuwa katika simu za wengine. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo kampuni ya Mulla Pride ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kosa la kutumia namba za watu kuwapelekea vitisho. Kesi hizo hazikuanzishwa na mawakili wakubwa. Zilianza kwa watu wa kawaida waliokataa kunyamaza.

FANYA HIVI

Basi, ndugu mkulima, haya ndiyo mambo ya kufanya. Si magumu, na mengi hayahitaji fedha.

1. Usimpe mtu namba yako ya siri, hata akijua jina lako, kijiji chako na kiasi ulichopokea jana. Mwizi hutumia jina la kitu unachokijua, kama vile mbolea ya ruzuku au karo ya mtoto.

2. Ukiwa mteja wa Safaricom, kumbuka kwamba kampuni hiyo hukupigia kwa namba moja tu, yaani 0722 000 000. Namba ya mtu aliyejaribu kukudanganya ipeleke kwa ujumbe kwenye 333, bila malipo.

3. Piga *106# uone ni laini ngapi zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako. Ukiona namba usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni ya simu uikane.

4. Piga *100*100# kama laini yako ni ya Safaricom. Ukifanya hivyo, laini yako haiwezi kubadilishwa na mtu mwingine pasipo wewe kufika mwenyewe na kitambulisho.

5. Ukituma fedha kwa namba isiyo yake, usibishane na aliyezipokea. Upeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwenye namba 456 mara moja, kabla hajazitumia.

6. Kabla ya kutia programu yo yote, soma inachotaka. Programu ya bei za soko haina haja na majina ya watu. Programu ya tochi haina haja ya kujua ulipo. Ikidai kitu kisicho cha kazi yake, ikatae.

7. Fungua sehemu ya mipangilio ya simu yako, utazame kila programu uliyoiruhusu zamani. Ruhusa uliyoitoa waweza kuiondoa. Kama macho hayakusaidii, au simu imeandikwa lugha usiyoielewa, mwite kijana unayemwamini aisome mbele yako.

8. Usipokee programu iliyopelekwa kwa kiungo katika ujumbe. Mbegu zisizo na lebo huzinunui, basi na hii uikatae.

9. Kabla ya kukopa, tazama kama jina la mkopeshaji limo katika orodha ya Benki Kuu. Tena fikiri kwanza juu ya chama chako au sako. Huko waweza kueleza kwamba tembo wamekula shamba, na kuna masikio ya kukusikia. Mashine haina masikio hayo.

10. Kwa wakala, funika mkono unapobonyeza namba ya siri, wala usimwachie mtu mwingine akubonyezee. Namba ya kitambulisho iandike tu pale panapohitajika, katika daftari la wakala mwenyewe.

UKIISHA KUPATWA

Labda wasoma haya nawe umekwisha kubonyeza "kubali" zamani. Usijifiche. Mwenye dumuzi ghalani akinyamaza huwaangamiza jirani zake, bali akisema mapema wote huweza kuokoa kitu.

Kwanza, waambie watu wako kabla hawajaambiwa na wengine. Waeleze: nimekopa mahali fulani, na pengine mtapigiwa simu. Neno litokalo kinywani mwako lina heshima kuliko litokalo kwa mtu asiyejulikana. Pili, usifute ujumbe wo wote wa vitisho, kwa maana huo ni ushahidi. Andika tarehe, saa, na namba iliyopiga. Tatu, deni halali ulilipe, au uombe muda kwa maandishi. Sheria yakulinda usifedheheshwe. Haikuondolei deni.

Nne, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data. Sheria yaruhusu malalamiko ya maandishi au ya mdomo, nayo ya mdomo lazima yaandikwe na ofisi yenyewe. Malalamiko yapaswa kuchunguzwa na kumalizwa katika siku 90. Tovuti ya ofisi hiyo ni odpc.go.ke, nayo ina ofisi Mombasa pia. Wala si aliyekopa peke yake awezaye kulalamika. Mwalimu aliyetukanwa, mama wa mboga aliyesumbuliwa usiku, na shemeji aliyetishwa, wote wana haki sawa, kwa kuwa namba zao ni zao.

MAZUNGUMZO YA BARAZANI

Twashauri kila chama, kila kikundi cha akina mama wasukao vikapu, na kila baraza la chifu litenge nusu saa kwa jambo hili. Kila mtu aje na simu yake. Wenye ujuzi wawasaidie wasio na ujuzi kupiga namba tulizozitaja na kuondoa ruhusa zisizofaa. Wazee wasione haya kuuliza, na vijana wasiwacheke, maana mzee yule mwenye simu ya vibonyezo aweza kuwa ndiye mwenye majina ya kijiji kizima.

Kuna na jambo la mwisho, nalo ni la adabu tu. Mtu akikuomba namba ya mwenzako, mwambie, "Ngoja nimwulize kwanza." Ni maneno matatu tu, hayana gharama, na yanamwonyesha jirani yako ya kwamba amana aliyokuwekea ingali salama.